Kompyuta yatafuta dawa ya uvimbe wa viungo: Mgonjwa wa Msangano ashike lipi?

Mama tuliyemtembelea Msangano, wilayani Momba, mkoani Songwe, huswali akiwa ameketi juu ya kiti cha plastiki. Si kwa uzee, kwani hajafikisha miaka 50. Ni kwa sababu magoti yake hayakunjiki tena ipasavyo, na vidole vya mikono yake yote miwili huamka vimevimba na kukakamaa, hata hawezi kufungua kifuniko cha birika mpaka jua lipande. Miaka sita iliyopita alikuwa akiinama shambani kupandikiza mpunga tangu alfajiri mpaka adhana ya Adhuhuri.

"Shamba silijutii, wanangu," alituambia. "Ninachokitamani ni sijda."

Tulifika nyumbani kwake mavuno ya mpunga yalipokuwa yanakwisha, na tukaikuta familia katika shauri zito. Kijana wake aliye sekondari alikuwa amepokea ujumbe wa simu, ule unaosambazwa kutoka kundi hadi kundi. Ujumbe ulitangaza dawa ya viungo "iliyovumbuliwa na akili mnemba", inayoponya kwa siku 21, kwa sharti kwamba mgonjwa aache kabisa dawa za hospitali. Bei yake ilikuwa sawa na thamani ya magunia manne ya mpunga. Shemeji yake alikwisha kuyatenga magunia hayo kando ya ukuta, tayari kwa kupelekwa sokoni Tunduma.

Tuliombwa kutoa kauli, nasi tuliomba muhula wa kuchunguza. Makala hii ndiyo jibu letu kwa familia ile, na kwa kila nyumba iliyopokea ujumbe kama huo.

Mlinzi anayempiga mwenye nyumba

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili wa binadamu kinga. Mwiba ukimchoma mtoto kidoleni, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huo ndio uvimbe wa kinga. Damu huongezeka mahali palipojeruhiwa, chembe za ulinzi hukusanyika kupambana na vijidudu, na kazi ikiisha hutawanyika, kidole kikapona.

Maradhi huanza pale ulinzi huo unapokosa kujua kikomo. Katika baridi yabisi ya viungo, kinga ya mwili hugeuka kuushambulia utando laini unaozunguka maungio. Mlinzi humdhania mwenye nyumba kuwa mwizi, na hampigi usiku mmoja tu, humpiga miaka. Utando huvimba, gegedu huliwa, mfupa huharibika. Wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi kuliko wanaume. Dalili zake ni maungio madogo ya pande zote mbili za mwili kuvimba, na ukakamavu wa asubuhi unaodumu kwa saa moja au zaidi.

Pumu ya kifua ina asili katika uvimbe wa namna hiyo ndani ya njia za hewa. Vivyo hivyo pumu ya ngozi, maradhi ya utumbo yajulikanayo kama Crohn, na lupasi inayoshambulia viungo vingi kwa pamoja. Jongo nalo ni uvimbe, ingawa chanzo chake ni fuwele za tindikali ya yuriki zinazojikusanya kwenye ungio, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Kwa hiyo si kila anayeumwa magoti ana ugonjwa mmoja, na dawa inayodai kutibu viungo vyote kwa pamoja inastahili kutiliwa shaka tangu mwanzo.

Kutoka suranjani hadi kompyuta

Safari ya kutafuta dawa za uvimbe ni ndefu, na Waislamu wana sehemu yao ndani yake. Matabibu wa zamani wa ulimwengu wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina (980–1037), waliutumia mmea wa suranjani kutibu maumivu ya viungo. Katika mimea ya jamii hiyo hupatikana kolchisini, ambayo hadi leo madaktari huwaandikia wagonjwa wa jongo. Ibn Sina huyo huyo, katika kitabu chake cha al-Qanun fi al-Tibb, aliweka kanuni za kuijaribu dawa: iwe safi, ijaribiwe juu ya ugonjwa mmoja ulio wazi, matokeo yake yaonekane mara kwa mara wala si kwa bahati, na mwisho ijaribiwe kwa binadamu, kwa kuwa yanayoonekana kwa mnyama hayamthibitikii mtu.

Mwaka 1897 mkemia Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, alitengeneza aspirini. Mwaka 1948, nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi homoni ya kotisoni, na mtu aliyekuwa hawezi kutembea akatembea. Hench alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1950. Haukupita muda, madhara yakajitokeza: mifupa kulegea, sukari kupanda, uso kuvimba, mwili kupoteza nguvu ya kupambana na maambukizi. Prednisoloni inayouzwa katika maduka yetu ni ya ukoo huo. Ina manufaa makubwa kwa kipimo cha daktari, na hatari kubwa kwa anayejinunulia mwenyewe mwezi hadi mwezi.

Kisha ikaja methotrekseti, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa mara moja tu kwa wiki, ambacho hadi leo ndicho nguzo ya matibabu ya baridi yabisi. Baadaye zikafuata sindano zinazozuia protini za uvimbe, kama adalimumabu iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2002. Hizo zimewainua wengi kitandani, lakini bei yake haikamatiki kwa mkulima wa Momba.

Kwa nini basi dawa mpya zisitengenezwe haraka na kwa bei ya chini? Kwa sababu kuitafuta dawa ni kama kutafuta punje moja katika bahari ya mchanga. Wanakemia hukadiria kuwa molekuli zinazoweza kufaa kuwa dawa ni nyingi kufikia tarakimu moja ikifuatwa na sifuri 60. Kutoka wazo hadi kidonge hupita miaka kumi na zaidi, na katika kila dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takriban tisa huishia njiani. Hapo ndipo kompyuta ilipoitwa.

Mwanafunzi asiyechoka

Mfanyabiashara mzoefu wa mchele pale Tunduma hukutia punje kiganjani, akazisugua, akazitazama, akakuambia huu utapikika vizuri na ule umevunjwa na jua. Ukimuuliza amejuaje, hatakupa kanuni. Macho yake yamefundishwa na magunia elfu.

Kompyuta nayo hufundishwa hivyo kwa njia iitwayo ujifunzaji wa kina. Wataalamu huionesha maelfu ya molekuli, na kwa kila moja huiambia: hii ilituliza uvimbe katika maabara, hii haikutuliza, hii ilidhuru ini. Programu hukisia, hukosea, husahihishwa, na kila inaposahihishwa hurekebisha mahesabu yake ya ndani, yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Wingi wa tabaka hizo ndio uliozaa jina la ujifunzaji "wa kina". Mwishowe huweza kupewa molekuli ambazo haijawahi kuziona, ikazipanga: hizi mia zijaribiweni kwanza, hizi milioni ziacheni.

Msomaji wetu atafurahi kujua kwamba neno la Kizungu linalotumika kwa mahesabu ya hatua kwa hatua ya namna hii, algorithimu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati Mwislamu aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa.

Jambo la pili ambalo kompyuta imelifanya ni kutambua maumbo ya protini. Dawa hufanya kazi kwa kuingia katika protini kama ufunguo uingiavyo kwenye kufuli, na zamani kulijua umbo la kufuli moja kuliweza kuchukua miaka. Programu iitwayo AlphaFold ilifikia mwaka 2022 kutangaza maumbo yaliyokisiwa ya protini zaidi ya milioni 200. Demis Hassabis na John Jumper, walioiongoza kazi hiyo, waligawana Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024 na David Baker.

Yaliyopatikana

Je, ipo dawa ya uvimbe iliyotoka huko? Tunajibu kwa mifano mitatu.

Wa kwanza ni barisitinibu, kidonge cha baridi yabisi kilichokuwepo kabla. Februari 2020, UVIKO-19 ilipoanza kuenea, watafiti wa kampuni ya BenevolentAI ya Uingereza waliitumia akili mnemba kupekua maarifa ya kitabibu yaliyorundikana, wakaona kwamba kidonge hicho kingeweza kutuliza dhoruba ya uvimbe iliyokuwa ikiua wagonjwa. Wazo lile halikupokelewa kwa imani tupu. Lilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa hospitalini. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionesha kuwa kilipunguza vifo kwa asilimia 13, na Januari 2022 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa wagonjwa mahututi wa maradhi hayo.

Wa pili ni rentosetibu ya kampuni ya Insilico Medicine. Hii inahusu makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, ugonjwa ulio jirani na uvimbe wa muda mrefu. Hapa kompyuta ilisaidia pande zote mbili: kuitambua protini ya kulengwa na kuichora molekuli ya kuizuia. Matokeo yaliyochapishwa Juni 2025 katika jarida la Nature Medicine yalihusu wagonjwa 71 nchini China. Baada ya wiki 12, waliopata miligramu 60 kwa siku waliongeza pumzi kwa wastani wa mililita 98.4, ilhali waliopewa kidonge kisicho na dawa walipungukiwa kwa mililita 20.3. Ni habari njema, lakini ni watu 71 kwa wiki 12. Majaribio makubwa bado yanahitajika.

Wa tatu ni enterololini, iliyotangazwa Oktoba 2025 na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada pamoja na wenzao wa MIT, Marekani. Ni dawa inayolenga aina ya bakteria wanaohusishwa na ugonjwa wa Crohn, bila kuwaua bakteria wema wa tumboni. Molekuli yenyewe ilipatikana kwa uchunguzi wa kawaida wa maabara. Kazi ya akili mnemba ilikuwa kukisia mahali dawa inapoishika bakteria, kisha maabara ikathibitisha. Hadi ilipotangazwa ilikuwa imejaribiwa kwa panya.

Yaliyoshindikana

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Kampuni ile ile ya BenevolentAI iliyopata sifa kwa barisitinibu iliandaa dawa ya kupaka kwa ajili ya pumu ya ngozi. Aprili 2023 ilitangaza matokeo: dawa ilikuwa salama, lakini haikupunguza muwasho wala uvimbe kuliko mafuta yasiyo na dawa.

Tunalieleza hili kwa sababu ndilo fundisho kubwa kuliko yote. Kompyuta hufupisha njia ya kutafuta, lakini haiondoi mtihani wa mwisho. Mwili wa mgonjwa ndio unaotoa hukumu, kwa majaribio yaliyo wazi na yenye kulinganisha, na hukumu hiyo inaweza kuwa dhidi ya mashine. Karne kumi baada ya Ibn Sina, kanuni haijabadilika.

Afrika Mashariki ina nini mkononi?

Kompyuta hujua kile ilichofundishwa tu. Tafiti nyingi za vinasaba duniani zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na mimea iliyochambuliwa kwa kina ni ile ya mataifa yenye maabara. Mwanafunzi aliyefundishwa mchele wa shamba moja atakosea akiletewa mchele wa shamba jingine. Ndiyo maana kuweka maarifa yetu katika maandishi si jambo la anasa.

Kazi hiyo imeanza. Mwaka 2020 watafiti, akiwemo Profesa Fidele Ntie-Kang wa Chuo Kikuu cha Buea, Kamerun, walichapisha hazina ya data ya molekuli zitokanazo na viumbe vya Afrika Mashariki, hasa mimea: molekuli 1,870 kutoka katika spishi zipatazo 300. Hazina ya namna hiyo ndiyo chakula ambacho kompyuta hulishwa. Afrika Kusini, kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichoasisiwa mwaka 2010 na Profesa Kelly Chibale, kwa kushirikiana na taasisi ya Ersilia, kilionesha mwaka 2023 kwamba kituo cha dawa barani Afrika kinaweza kutumia mifumo ya akili mnemba kuchuja molekuli za malaria na kifua kikuu kabla ya kutumia fedha maabara.

Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 nayo imeweka msingi kwamba jamii ambayo mmea na ujuzi wake vimetoka kwake ipate mgawo wa haki. Mzee wa Momba anayejua mzizi wa kutuliza uvimbe ana kitu chenye thamani. Asikitoe kwa soda, wala asife nacho. Akiseme kwa watafiti wanaotambulika, kwa maandishi.

Jibu letu kwa familia ile

Tulirejea Msangano na majibu yafuatayo.

Kwanza, hatukuipata dawa yoyote ya baridi yabisi iliyobuniwa na akili mnemba, ikaidhinishwa, na ambayo huponya kwa siku 21. Baridi yabisi hudhibitiwa, na ikidhibitiwa mapema mgonjwa huweza kuishi miaka mingi akifanya kazi zake. Anayeahidi kuiondoa kabisa kwa wiki tatu anauza maneno.

Pili, sharti la kuacha dawa za hospitali ndilo lenye hatari kuliko bei. Aliyezoeshwa prednisoloni kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuanguka, maana mwili wake umeacha kutengeneza homoni yake ya kutosha. Na wapo wauzaji wanaochanganya dawa za aina hiyo ndani ya unga wa mitishamba, mgonjwa akapata nafuu ya haraka, kisha akaharibikiwa taratibu bila kujua sababu. Dawa yoyote isiyo na usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wala wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, isiingie nyumbani.

Tatu, kuhusu habbat sauda, manjano na tangawizi. Nyumba nyingi za Kiislamu hazikosi habbat sauda, na wanasayansi wamechunguza kiini chake kiitwacho thaimokwinoni, kikaonekana maabara kutuliza uvimbe. Kuitumia kwa nia njema hakumlazimishi mtu kuiacha methotrekseti. Mwambie daktari unachokunywa, kwani mitishamba mingine huathiri kazi ya dawa.

Nne, methotrekseti humezwa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumewahi kuua watu. Haifai kwa mjamzito wala kwa anayepanga kushika mimba. Nafuu yake huchukua wiki kadhaa, basi asikate tamaa mwezi wa kwanza. Mwezi wa Ramadhani inaweza kumezwa usiku baada ya futari. Bali vidonge vya maumivu kama diklofenaki vikimezwa kila siku, tena tumbo likiwa tupu, huchimba vidonda na kuumiza figo. Mgonjwa azungumze na daktari kabla ya mwandamo wa mwezi, na akielezwa kuwa funga itamdhuru, amuulize shehe wake kuhusu ruhusa iliyomo katika dini.

Tano, uchunguzi. Mama huyu alikuwa akinunua vidonge vya maumivu kwa miaka, na vidonge vya wiki alivyowahi kuandikiwa vilipokwisha hakurudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunaongeza kwamba anayeyanyamazisha kwa vidonge naye anayaficha. Fedha ya gunia moja ingetosha kuanza upya.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kwa hiyo hii akili mnemba ni uongo?" Tukamjibu kuwa si uongo. Ni chombo cha kweli, kinachoanza kuzaa matunda, na pengine wajukuu wa nyumba ile watameza kidonge kilichochujwa na kompyuta kutoka katika mti wa Afrika Mashariki. Uongo ni wa mtu anayelivaa jina la elimu ili kuuza asichokuwa nacho.

Tulipokuwa tukiikamilisha makala hii, kijana yule alitupigia simu. Magunia matatu yamerudishwa ghalani. La nne limeuzwa Tunduma, na fedha yake imewekwa kwa nauli na vipimo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambako mama atasindikizwa na shemeji wiki ijayo. Bado anaswali kitini, na swala yake ni kamili kwa mwenye udhuru. Tumuombee afya, yeye na wagonjwa wote, na kila mmoja wetu autazame tena ule ujumbe alionao katika simu kabla hajausambaza kwa mwingine.